Fumbo la Gazetini na Baraza ya Ibra

  Leo tunakwenda Oman, katika miji ya Ibra, Nizwa na Sur, kuzungumzia jambo ambalo kwa haraka laweza kuonekana dogo. Nalo ni ile chemshabongo ya gazetini, ule mraba wa vyumba vyeupe na vyeusi ambao msomaji huujaza maneno kwa kufuata vidokezo. Hatuzungumzii chemshabongo ya kawaida, ambayo huuliza mji mkuu wa nchi fulani ni upi. Tunazungumzia ile ya mafumbo, ambayo kila kidokezo chake husema jambo moja kwa juu na jingine kwa chini.

Huenda msikilizaji akauliza: mchezo huu wa Waingereza unatuhusu nini sisi wasemaji wa Kiswahili? Jibu langu ni kwamba unatuhusu sana, kwa sababu zana zake zote tunazo katika lugha yetu. Isitoshe, ni mchezo usioweza kuchezwa ila na watu wawili wanaoijua lugha moja kwa kina kinacholingana. Kwa hiyo anayetaka kujua kama lugha bado iko hai nyumbani mwake, na atege fumbo moja kwa lugha hiyo, kisha atazame ni nani anayelifumbua.

Tuanze na historia kwa ufupi. Chemshabongo ya kwanza ya aina hii ilichapishwa tarehe 21 Desemba mwaka 1913 katika gazeti la New York World la Marekani. Aliyeitunga ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, naye aliichora kwa umbo la almasi. Mchezo ulipovuka bahari na kuingia Uingereza ulibadilika tabia. Gazeti la Daily Telegraph lilianza kuuchapisha mwaka 1925, na The Times likafuata mwaka 1930. Katika The Observer, kuanzia mwaka 1926, alitokea mtunzi aliyejiita Torquemada, jina la mkuu wa mahakama za mateso za Hispania ya kale, kana kwamba anawaonya wasomaji wake mapema. Yeye ndiye aliyegeuza maswali ya kawaida kuwa mafumbo matupu. Alipofariki mwaka 1939, nafasi yake ilishikwa na Derrick Macnutt, aliyejiita Ximenes, naye mwaka 1966 alitoa kitabu kilichoweka kanuni za mchezo.

Kanuni hizo kwa muhtasari ni hizi. Kidokezo cha haki kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni maana ya neno linalotafutwa, na ya pili ni ufundi wa kulijenga neno hilohilo kwa njia nyingine, ama kwa kuvuruga herufi, ama kwa kugeuza, ama kwa kuunganisha vipande, ama kwa kulificha ndani ya maneno mengine. Maana hukaa mwanzoni au mwishoni mwa kidokezo, haikai katikati. Baada ya sehemu hizo mbili hakuna neno la ziada. Mtunzi anaruhusiwa kukupoteza njia, lakini haruhusiwi kukudanganya. Ukishalipata jibu, unapaswa kurudi nyuma na kuona kwamba kila neno lilikuwa mahali pake, na kwamba aliyekosea ni wewe uliyesoma upesi.

Naam, wapenzi wasikilizaji, sasa tuingie Oman. Wengi wenu mnajua kwamba baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwezi Julai 1970, familia nyingi zenye asili ya Oman zilirejea huko kutoka Unguja, Pemba, Mombasa, Dar es Salaam, na hata kutoka Burundi na Kongo. Wengi wao walikuwa na asili ya bara ya Oman, yaani Ash Sharqiyah na Ad Dakhiliyah. Ash Sharqiyah iligawanywa mwaka 2011 kuwa mikoa miwili: wa kaskazini, makao yake Ibra, na wa kusini, makao yake Sur. Makao ya Ad Dakhiliyah ni Nizwa.

Watu hao walirudi na Kiswahili cha nyumbani na Kiingereza cha shule, na baadhi yao walikuwa na Kiarabu kidogo. Wengi waliosoma Kiingereza Zanzibar na Kenya walipata kazi maofisini, katika kampuni za mafuta na katika mabenki, wakati nchi ilipokuwa ikijengwa kwa kasi. Ndiyo miaka ileile magazeti ya nchi hiyo yalipozaliwa: Al Watan mwaka 1971, Oman mwaka 1972, na Times of Oman la Kiingereza mwaka 1975. Mtu aliyefanya kazi ofisini alianza asubuhi yake kwa gazeti, na mwenye tabia ya kupenda maneno hakuliweka chini kabla ya kuimaliza chemshabongo.

Ibra ni mji wa mashamba ya mitende na majumba ya kale ya udongo, maarufu pia kwa soko lake la wanawake la siku ya Jumatano. Huko nimewahi kukaa na wazee wastaafu ambao hukutana baada ya sala ya magharibi. Huweka kahawa na tende, halua ikiwepo huja baadaye, na gazeti la siku hiyo limekunjwa katikati yao, ukurasa wa chemshabongo juu. Kila mmoja ameshajaribu nyumbani kwake peke yake. Hapo barazani hawaji kujaza, wanakuja kufanya mapitio.

Mapitio hayo yana utaratibu wake. Kidokezo husomwa kwa sauti. Mmoja hutaja jibu. Kisha huulizwa: maana iko wapi, mwanzoni au mwishoni? Ufundi ni upi? Je, kuna neno lisilokuwa na kazi? Je, maneno yanasomeka kama sentensi ya kweli, au yamelazimishwa? Na swali la mwisho, ambalo ndilo linalozusha mabishano: je, mtunzi ametenda haki? Mzee mmoja, aliyekuwa mwalimu, aliniambia kwa Kiswahili cha Unguja kisichokuwa na mkwaruzo wowote, "Kulijaza fumbo ni bahati, bwana. Kulieleza ndiyo elimu."

Kilichonishangaza ni lugha ya mapitio. Vidokezo vilikuwa vya Kiingereza. Mabishano yalikuwa ya Kiswahili. Na istilahi za kueleza ufundi zilitoka katika Kiarabu cha magazeti ya nchi hiyo. Chemshabongo za magazeti ya Kiarabu nazo zina desturi yake: mara nyingi kidokezo hufuatiwa na neno lenye maana ya "imegeuzwa" au "imetawanywa", na msomaji hujua kwamba jibu liandikwe kinyumenyume au herufi zake zivurugwe. Wazee wale, basi, wana shule tatu za mafumbo vichwani mwao kwa wakati mmoja.

Na katika shule hizo tatu, ya Kiingereza ndiyo changa kuliko zote. Msomi mkuu anayehusishwa na asili ya Oman, Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, aliyeishi Basra katika karne ya 8, ndiye aliyeweka elimu ya mizani ya ushairi wa Kiarabu na kuanzisha kamusi ya kwanza ya lugha hiyo, Kitab al-Ayn. Inajulikana pia kwamba aliandika kitabu juu ya maandishi ya siri, kitabu ambacho kimepotea. Inasimuliwa kwamba aliletewa barua ya Kiyunani iliyoandikwa kwa mafumbo, akakaa nayo mwezi mzima hadi akaifungua. Alipoulizwa amewezaje, alijibu kuwa alikisia kwamba lazima ianze kwa kumtaja Mungu, na kutoka hapo akajenga herufi moja baada ya nyingine. Miaka zaidi ya elfu moja baadaye, mwezi Januari 1942, Daily Telegraph liliandaa shindano la kumaliza chemshabongo kwa muda usiozidi dakika 12, na baadhi ya walioshiriki wakaitwa kufanya kazi ya kuvunja maandishi ya siri ya Ujerumani wakati wa vita. Njia mojawapo iliyotumika katika kazi hiyo ilikuwa ileile ya Al-Khalil: kisia maneno ambayo lazima yawemo, kisha yatumie kufungulia mengine.

Kwa upande wa Waswahili, fumbo limekuwa silaha kabla ya kuwa burudani. Katika kisa cha Fumo Liyongo, kilichoandikwa kwa utenzi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa yuko kifungoni, naye anamtumia mama yake ujumbe wa kishairi kwa kinywa cha kijakazi Saada: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake aweke tupa. Askari waliozoea kumnyang'anya chakula kizuri hawakuutamani mkate wa wishwa, na tupa zikamfikia. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, alitunga mashairi yenye tabaka mbili katika siku za mvutano kati ya Mazrui na Sayyid Said, watawala ambao wote asili yao ni Oman. Msikilizaji wa kawaida alisikia habari za chombo na bahari. Aliyehusika alisikia onyo. Na jarida la Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923, kurasa zake zilikuwa uwanja wa washairi kuulizana na kujibizana mbele ya wasomaji.

Tena kuna kinyume, ule mchezo wa watoto wa pwani wa kupindua silabi ili wakubwa wasielewe. Kuna hesabu ya abjadi, ambayo kila herufi ya Kiarabu ina thamani ya nambari, na ndiyo maana mpaka leo utaona 786 juu ya mlango wa duka au kwenye lori, ikisimama badala ya Bismillahi kamili. Mwingereza hufanya vivyo hivyo anapotumia nambari za Kirumi kuficha herufi ndani ya kidokezo. Kwa hiyo mpenzi wa fumbo akitoka Ibra au Mombasa hahitaji kufundishwa mchezo, anahitaji kuonyeshwa tu kwamba anaujua tayari.

Basi swali linakuja: je, chemshabongo ya mafumbo yaweza kutungwa kwa Kiswahili chenyewe? Nimeijaribu kazi hiyo, na ninawaletea vidokezo vichache tuvifanyie mapitio pamoja. Idadi ya herufi nitaitaja mwishoni mwa kila kidokezo.

Cha kwanza: "Upepo wa kurudi Sur: siku imepinduka", herufi 4. Maana iko mwanzoni. Ufundi ni "siku imepinduka". Pindua silabi za siku, si-ku, unapata ku-si. Jibu ni kusi. Na kweli kusi ndiyo iliyokuwa ikivirudisha Sur vyombo vilivyoshuka Afrika Mashariki kwa kaskazi. Atakayekwenda Sur leo ataiona pale ufukoni Fatah al-Khair, ghanja iliyoundwa mjini humo mwaka 1951, imewekwa kama kumbukumbu ya enzi hizo. Kidokezo hiki nakipa alama nzuri, maana kila neno lina kazi.

Cha pili: "Mnyama juu ya nyumba", herufi 3. Maana ni mnyama. Kilicho juu ya nyumba ni paa. Na paa ni mnyama, ndugu yake swala.

Cha tatu, kwa ajili ya wavuvi: "Samaki waliovurugwa ni uchafu wa puani", herufi 6. Zivuruge herufi za samaki, upate kamasi. Watoto hukipenda sana hiki, na aliyekisikia hakisahau.

Cha nne, kwa ajili ya sikukuu yenyewe: "Mfugo uliomo ndani ya sikukuu", herufi 4. Iandike sikukuu, uisome polepole: baada ya si, kuna kuku. Amekaa pale siku zote na hatukumwona.

Cha tano: "Uso wa mji wa majahazi wenye herufi ya kwanza mwishoni", herufi 4. Mji wa majahazi ni Sur, ongeza a, upate sura. Hapa baraza ya Ibra ingepinga. Wangesema neno "wa" linaunganisha maana na ufundi kwa njia isiyo wazi, na kwamba kidokezo ni kirefu kuliko jibu linavyostahili. Ningekubali kukipunguzia alama.

Na cha sita, mfano wa kidokezo kisichokuwa cha haki: "Mji wa Ad Dakhiliyah", herufi 4. Waweza kuwa Izki, waweza kuwa Adam. Hakuna ufundi wowote wa kuchagua kati ya hiyo miwili, kwa hiyo hili ni swali la jiografia lililovaa nguo za fumbo. Tukilitengeneza kwa kusema, "Mtu wa kwanza katika mji wa Ad Dakhiliyah", tunapata Adam, mji alikozaliwa Imam Ahmad bin Said, mwanzilishi wa utawala wa Al Busaid katika karne ya 18. Lakini hapo tena mtu wa Unguja atainua mkono: kwa Kiswahili mtu wa kwanza ni Adamu, herufi 5. Na atakuwa na haki. Mapitio mema ni yale yanayomlazimisha mtunzi kutaja anaandika lugha ya nani.

Katika kutunga vidokezo hivi nimekutana na matatizo mawili ambayo mtunzi wa Kiingereza hayajui. La kwanza ni ngeli. Kiswahili kinasema ukweli hata pale unapotaka kinyamaze. Nikisema "yuko juu", umeshajua kwamba ninamtafuta kiumbe. Nikisema "kimevunjika", umeshaanza kuorodhesha visu na vikombe. Upatanisho wa kisarufi unamsaliti mtunzi. Wahenga walilijua hilo, nao walilitatua zamani katika vitendawili. Wanaposema "Nyumba yangu haina mlango", jibu ni yai, lakini sentensi yote inafuata ngeli ya nyumba, na yai halionekani hata ukucha. Dawa ya pili ni kukiacha kitenzi kabisa. "Mnyama juu ya nyumba" hakina hata kiambishi kimoja cha kumtaja anayetafutwa.

Tatizo la pili ni irabu. Maneno yetu mengi hupanga konsonanti na irabu kwa zamu, na huishia kwa irabu. Matokeo yake ni kwamba katika mraba wa herufi, maneno mengi hukutana kwenye irabu, na irabu ni tano tu, kwa hiyo herufi ya makutano haikupi msaada mkubwa. Na ukiligeuza neno la Kiswahili herufi kwa herufi, kama wafanyavyo Waingereza na Waarabu, mara nyingi hupati neno. Siku inakuwa "ukis", na huo ni upuuzi. Ndiyo maana watoto wa pwani hawakupindua herufi, walipindua silabi.

Yule mwalimu mstaafu alikuwa na suluhisho. Alisema, "Washairi wetu hawahesabu herufi, wanahesabu mizani. Basi na mraba nao uwe wa mizani." Alikusudia kwamba kila chumba kiandikwe silabi moja kamili. Kusi ichukue vyumba viwili, si na ku vikiwa vimepinduliwa. Mtu nayo ichukue viwili, m na tu, kama mshairi anavyozihesabu. Wajapani hufanya hivyo katika chemshabongo zao, kwa sababu mwandiko wao wa kana nao ni wa silabi. Hapo ng'ombe haitusumbui tena na ile alama yake ya juu, na wala hatugombani kama ch ni herufi moja au mbili. Nilipomsikia niliona kwamba mtu huyu, aliyejifunza mchezo kwa Kiingereza, ameupeleka nyumbani kabisa.

Lakini wapenzi wasikilizaji, barazani hapo kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya niandae makala haya. Mjukuu wake, kijana wa miaka kama kumi na mitano, alikuwa amekaa karibu akimimina kahawa. Kidokezo cha kusi kilipotajwa, kijana alikipindua upesi kuliko wazee wote. Alisema, "Kusi." Kisha akauliza kwa Kiarabu, halafu akajisahihisha na kuuliza kwa Kiswahili, "Babu, kusi ndiyo nini?"

Hebu tulitazame jambo hilo. Kijana alikuwa na ufundi wote, akili yake nyepesi kuliko ya wazee. Alilipata jibu, na halikumwambia kitu. Babu yake hakuwa mwepesi kama yeye, lakini kwake neno hilo lilikuwa na bahari ndani yake, na miezi, na harufu ya karafuu, na habari za watu waliokwenda na wa waliorudi. Mzee akamjibu, "Ndiyo upepo uliowarudisha wazee wetu, mwanangu. Kaskazi inakupeleka, kusi inakurudisha." Baada ya hapo chemshabongo iliachwa. Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa ya vyombo, ya bandari, na ya nani alizaliwa wapi, na kijana hakuondoka.

Hiyo ndiyo hali ya Kiswahili katika nyumba nyingi za Oman ya leo. Kizazi kilichorudi kinazeeka. Watoto wao wanakielewa na kukijibu. Wajukuu wengi wamekulia katika Kiarabu cha shuleni na Kiingereza cha kazini, na Kiswahili kwao ni lugha ya jikoni na ya simu za shangazi walioko Mombasa. Kuijua lugha kwa maana moja moja kunatosha kuagizia chai. Fumbo linahitaji maana ya pili, ile iliyo chini, na maana ya pili haifundishwi kwa orodha ya msamiati. Hupatikana pale mtu mzima anapokaa na mdogo, wakabishana juu ya neno moja mpaka kahawa ipoe.

Wapo watakaosema kuwa huu ni mchezo tu, na lugha haiokolewi kwa michezo. Ninawaelewa. Lugha hudumu kwa kutumika sokoni, shuleni na nyumbani, na chemshabongo haichukui nafasi ya hayo. Hata hivyo, tusilidharau fumbo. Mwezi Januari 2013, mtunzi mashuhuri wa gazeti la The Guardian aliyejiita Araucaria, ambaye jina lake ni John Graham, padri wa Kianglikana aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 90, aliwapa wasomaji chemshabongo ambayo majibu yake, yalipounganishwa, yalitangaza kwamba yeye mwenyewe ana saratani. Wasomaji waliokuwa wakimfumbua kwa miongo mingi waliipata habari hiyo neno kwa neno, kwa mkono wao wenyewe, kila mmoja mezani pake. Alifariki mwezi Novemba mwaka huohuo. Waswahili hatushangai kusikia hivyo. Sisi tumezoea kuambiwa mazito kwa njia ya kando: kwa jina la kanga iliyotandikwa mbele ya mgeni, kwa ushairi, kwa methali isiyomaliziwa. Jambo zito likifumbwa, msikiaji hupewa muda wa kulifikia kwa hatua zake.

Wahenga wanasema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mimi ningeongeza kwamba mjinga wa leo ni mwerevu wa kesho, ikiwa yupo wa kukaa naye. Kwa hiyo nawaomba wasikilizaji wetu walioko Ibra, Nizwa na Sur, na wale walioko Muscat, Mombasa, Unguja, Bujumbura, London na Toronto, jioni moja katika wiki walifunge gazeti la lugha nyingine, wachore mraba mdogo wa vyumba vitano kwa vitano, na wamtegee mtoto wa nyumbani kidokezo kimoja cha Kiswahili. Akikosa, msimpe jibu haraka. Na akipata, muulizeni maana ya neno lenyewe, kwa sababu hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Kabla ya kuagana, nawaachia kimoja cha kwenda nacho: "Kitu cha kufumbuliwa: herufi ya sita mbele ya sura", herufi 5, mizani 2. Maana iko mwanzoni, na hakuna neno la ziada. Sitalitaja jibu, ila nitasema kwamba mmekuwa nalo masikioni tangu tulipoanza kipindi.